Walipima Maksai Tu

Asubuhi ile nilikuwa napasua vichwa vya mbuzi kwa Mjomba Chilewa. Ilikuwa kazi yangu ya kabla ya shule, na tangu kata yetu ya Mlowa izungushiwe uzio na shule ikafungwa, imekuwa kazi yangu ya siku nzima. Unaweka kichwa juu ya gogo, unapiga shoka katikati ya pembe, kinaachana nusu mbili kama nazi. Ubongo unaenda kwenye bakuli, ulimi unaenda kwenye sufuria ya supu. Naipenda kazi hii kwa sababu vichwa haviongei, na mimi sio mtu wa kuongea.

Siku hiyo vichwa vilikuwa vidogo, vyembamba, pembe fupi.

"Mjomba, hawa ni majike," nikasema.

Mjomba alikuwa ananoa kisu. "Ulitaka nichinje nini? Ndo wanaoletwa. Hawana maziwa, hawashiki mimba, wanakula tu. Mzee Lukali jana kanisukumia watatu, hata bei hakuuliza. Katema mate mlangoni pangu, kaondoka."

Kwetu mbuzi jike hachinjwi. Hata akizeeka, ataachwa afe na uzee wake. Anayechinjwa ni maksai, dume lililohasiwa likiwa dogo, likanona, likapelekwa mjini kuwa ndafu kwenye harusi za watu. Nimepasua vichwa vya maksai tangu darasa la nne. Ndani ya fuvu, chini kabisa ya ubongo, mfupa umechimbika kama kijiko, na kwenye kijiko kile kinakaa kipunje kama kunde. Mjomba hukikwangua na ncha ya kisu akampa paka.

Nikapasua jike wa kwanza. Kijiko kilikuwa kitupu. Yaani sio kitupu kabisa, kulikuwa na utando kama ule wa chai ya maziwa iliyopoa. Wa pili alikuwa na kunde yake, ila imevimba, nyekundu, imefurika nje ya kijiko hadi inabana ile mishipa miwili minene inayoenda machoni. Wa tatu, kitupu tena. Nikavuta kichwa cha maksai aliyechinjwa siku hiyo hiyo, nikakipasua kwa haraka. Kunde ipo, nono, inang'aa.

"Paka atalala njaa leo," Mjomba akasema, akicheka, akitazama juu ya bega langu. Halafu akaacha kucheka. "Ni nini hicho?"

"Sijui."

Wateja walishaanza kufika. Mbele yao Mama Ndahani, jirani yetu, na bakuli lake la bluu. Nikamchotea supu, nikamnyooshea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa.

Hakupokea. "Chilewa, nipe wewe. Mimi sipokei chakula kwenye mkono wa nyumba ile."

"Mkono una nini? Umenawa," Mjomba akasema.

"Mkono wa mama yake ulimchoma sindano binti yangu, maziwa yakakauka. Sasa mjukuu wangu ananyonya maji ya uji." Akanigeukia. "Wewe, mwambie mama yako aturudishie maziwa yetu. Au na wewe umekaushwa ulimi?"

Watu wakacheka. Nilikuwa na majibu kama matano hivi, yote makali, yote yakabaki kooni. Nikaweka bakuli chini. Nikachukua nusu za vichwa, za jike aliyevimba, jike mtupu na maksai, nikazifunga kwenye mfuko, nikaondoka. Hakuna aliyeniuliza nazipeleka wapi.

*

Mlangoni kwetu kulikuwa na vibuyu. Vibuyu vya maziwa, vikavu, vimefudikizwa midomo chini, kimoja juu ya kingine. Wanawake walianza kuvileta juzi. Hawagongi mlango, hawatukani. Wanafudikiza kibuyu wanaondoka, na kila mpita njia anaelewa kwamba ndani humo anakaa mtu aliyeikausha kata.

Mtu huyo ni mama yangu.

Miaka miwili iliyopita watu hao hao walipanga foleni jua kali, wakimwita "mkombozi", wakimletea kuku. Mama ndo mlezi wa walinzi wa Mlowa. Taasisi ya utafiti ilimfundisha, ikampa sindano, ikampa na kifaa cha kuwasikiliza. Walinzi ni vitu vidogo kuliko seli. Viliumbwa vitafute kitu kimoja tu, kipokezi cha ukuaji. Mama alikuwa anawaeleza watu hivi: kila seli ina kengele mlangoni, mwili ukitaka seli ikue unabonyeza kengele. Seli ya kansa inajibandika kengele ukuta mzima, inajibonyezea yenyewe mchana na usiku. Mlinzi akikuta ukuta wa kengele, anaita wenzake, wanaimaliza seli. Ukuta wenye kengele moja mbili wanapita, hawana habari nao.

Na huhitaji kuchoma kila mtu. Walinzi wanahama kwa pumzi kama mafua, kutoka mtu kwenda mtu, mtu kwenda mbuzi, chochote kinachonyonyesha. Ndo maana ya uzio. Sisi ni kata ya majaribio, na hakuna anayetoka mpaka Taasisi iseme.

Wa kwanza kuchomwa alikuwa mama mwenyewe. Alikuwa na kansa ya titi, ilishaanza kutembea kwenda kwapani. Walinzi waliila mpaka ikabaki kokoto. Kokoto haliishi, ila haliui. Kila mchana mama anaweka kile kifaa juu ya titi, anasikiliza walinzi wakitafuna, anasema, "Wako kazini," anaendelea kupika.

Nilimkuta amekaa kitandani kwa dada yangu Wendo. Jua lilikuwa linachoma bati, lakini Wendo alikuwa amejifunika blanketi mbili na bado anatetemeka. Amejifungua Sechelela mwezi uliopita. Maziwa yalitoka siku mbili, yakakatika kama bomba. Halafu ikaja baridi, kizunguzungu, kichwa kuuma nyuma ya macho. Taasisi ilituma vidonge, anakunywa, anaweza kukaa. Juzi alipokwenda kujimwagia maji alijigonga kwenye fremu ya mlango kama mtu aliyelewa. Akasema mlango umehama.

"Umeshapigana sokoni?" Wendo akaniuliza. "Una uso wa kupigana."

"Mimi?"

"Ndo maana nashangaa."

Nikamwaga mfuko juu ya sinia. Mama akaruka. "Nyemo. Kuna mtoto mchanga humu."

"Angalia, mama. Hapa." Nikaweka kidole kwenye kijiko cha maksai. "Huyu anayo." Kwenye jike. "Huyu imevimba. Huyu imeliwa. Ni majike tu."

Mama hakusoma sana, lakini Taasisi ilimfundisha miezi sita, na picha ya kichwa cha binadamu ilikuwa ukutani kwenye darasa lao. Alikishika kile kichwa chenye kunde iliyovimba, akakigeuza kwenye mwanga. Akafuata ile mishipa ya macho kwa ukucha. Kisha akamtazama Wendo, akainua mkono wake pembeni, mbali na uso wa Wendo, akachezesha vidole.

"Unaona vidole vingapi?"

"Vidole viko wapi?" Wendo akasema.

*

Daktari Rwegoshora wa Taasisi alikuwa anamenya chungwa alipopokea simu. Tulimwona ukutani, ukubwa wa mtu kamili, na ganda linaning'inia kama utepe.

"Mama Wendo, habari za huko."

"Tazama hiki."

Mama yangu hakosi salamu hata kwa mtu anayemchukia, lakini leo aliiruka. Daktari akaona, akaweka chungwa chini.

"Nani amekupasulia?"

"Mwanangu."

"Ana mkono mzuri."

"Sijakupigia umsifie. Kimekula nini hiki?"

Akafuta vidole, kimoja kimoja. Nilimtazama nikamchukia kuanzia vidole vile. Alifuta kama mtu ambaye jibu analo tangu zamani na anatafuta tu sehemu ya kuliweka.

"Walinzi," akasema.

"Tangu lini mnajua?"

"Mama Wendo, tusi—"

"Tangu lini?"

"Tangu wale akina mama wawili wa Mlowa ya Chini wafariki. Tulifungua vichwa vyao."

Wale wawili. Mama ndo aliyewaosha. Kata nzima ilisema ni yeye aliyewaua, na yeye alirudi nyumbani akasema ni kifafa cha mimba, Taasisi imethibitisha.

Daktari akaanza kueleza, na alieleza vizuri, hilo nitampa. Kile kipunje ni tezi. Ndani yake kuna seli zinazotengeneza homoni, za maziwa, za kukua, za kuamsha tezi nyingine ili mwili usizimike. Ni seli nzima, hazina kosa lolote. Ila kwa asili yake seli hizo zina vipokezi vingi vya ukuaji, vile vile vya kansa, maana kazi yake inavihitaji. Mwanamke akibeba mimba, seli za maziwa zinaongezeka maradufu na tezi inatuna. Kengele zinajaa ukuta. Mlinzi anapita, anaona kansa.

"Hamkupima?" mama akauliza.

"Tulipima. Mbuzi mia na zaidi, mwaka mzima. Hakuna aliyeugua hata mmoja."

"Mliwatoa wapi?"

"Ranchi. Za huko huko kwenu."

Nilijua kabla hajamaliza. Mama naye alijua, maana alicheka, kicheko kikavu cha mara moja.

"Mbuzi wa ndafu," akasema. "Mlipima maksai."

"Ndio waliokuwa wanauzwa, Mama Wendo. Hakuna mfugaji wa kwenu aliyekubali kututolea jike anayenyonyesha. Wewe mwenyewe nilikuja kwako, nikakuomba majike wako wawili. Unakumbuka ulivyonijibu? Jike hauzwi, hata mfalme akija."

Mama akarudisha kichwa cha mbuzi kwenye sinia.

"Mngesema ni wa kupima dawa ya watu," nikasema mimi. Sauti ilinitoka nyembamba, nikashtuka kuisikia. "Mlisema mnataka mbuzi tu."

Daktari akanitafuta kwa macho. "Ndio msaidizi?"

"Ndio mwanangu," mama akasema. "Jibu swali lake."

"Tulisema mbuzi tu," akakubali. "Maksai ni mpole, hapigani, uzito wake haupandi na kushuka. Kwa vipimo ni mnyama mzuri sana."

"Na sisi wanawake tulikuwa wanyama wabaya kwa vipimo?"

"Sikusema hivyo."

"Wendo anakunywa vidonge vyako. Mbona hapati nafuu?"

"Vidonge vinajaza pengo la homoni. Haviwazuii walinzi, na havitoi uvimbe wanaousababisha. Anaona pembeni?"

"Haoni."

"Basi imeshafika kwenye mishipa. Baada ya macho..." Akachukua chungwa, akaliweka tena. "Tunatengeneza walinzi wapya, wanaojua kutofautisha. Tukiharakisha, mwaka."

"Wendo hana mwaka. Nitolee mwanangu kwenye uzio, mkamtibu huko."

"Akitoka na walinzi wake, kesho mji mzima unao. Wakubwa hawataruhusu. Niliwaombea wale akina mama wawili, wakakataa."

Mama akatazama mlango wa chumba chake. Mimi pia nikatazama. Chini ya kitanda chake ipo chupa. Kila mlezi alipewa moja, ya dharura, ina ukungu wa kuwalaza walinzi. Ukungu nao unahama kwa pumzi. Ukimlaza mlinzi wa mtu mmoja, ndani ya siku mbili umewalaza wa kata nzima, watu na mbuzi, na wakilala hawaamki tena. Inafunguka kwa vidole viwili, cha mlezi na cha msaidizi wake, ndani ya saa moja. Msaidizi ni mimi, kwa sababu kidole changu ndo kilikuwa karibu siku ile ya kuandikishwa.

"Najua unafikiria nini," Daktari akasema. "Taasisi haijaruhusu. Nakuambia kama mtu sasa, sio kama Taasisi. Kwenye kata yako kuna watu arobaini na kitu wanaoishi kwa sababu ya walinzi. Mume wa jirani yako Mama Ndahani anayewafudikizia vibuyu, koo lake ni walinzi tu wanaolishikilia. Na wewe. Kokoto lako halilali mwaka mzima likisubiri. Litatembea."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi siwezi kuwaambia mfungue. Na siwezi kuwaambia msifungue."

"Unaweza nini?"

Simu ikakatika. Sijui kama aliikata au ni mtandao. Ukuta ukarudi kuwa ukuta, una madoa ya moshi.

*

Mama akaanza kuosha vyombo. Vyombo visafi. Nikasimama nyuma yake muda mrefu, najiandaa kama nilivyokuwa najiandaa darasani kunyoosha mkono, halafu sinyooshi.

"Mama. Tufungue."

Hakugeuka. "Sema tena."

"Tufungue chupa."

"Kabla shule haijafungwa, mwaka mzima mwalimu wako ananiita. Mama Nyemo, mwanao bubu? Mama Nyemo, mwanao anaonewa hasemi. Nikawa nakutetea, nasema atasema siku akiwa na la kusema." Akaweka sahani. "Leo umepata sauti. Na neno lako la kwanza ni nife."

"Sijasema ufe."

"Umesema nini?"

"Nimesema Wendo."

"Wendo nilimzaa mimi. Nilimbeba huku watu wakisema hana baba, nikamsomesha kwa kuuza togwa. Unanifundisha wewe jina la Wendo?"

"Sasa kwa nini unaosha vyombo visafi?"

Akanigeukia, na mkono ukainuka. Hakunipiga. Ulibaki hewani unadondosha maji. Nadhani ningependa anipige, yangeisha.

"Unajua nilivyokuwa?" akasema. "Hujui, tulikuficha. Nilikuwa nauma kanga ili msinisikie. Harufu yangu mwenyewe nilikuwa naikimbia. Unaniambia nirudi kule kwa miguu yangu, na unasema hujasema nife."

"Daktari kasema labda walinzi wapya—"

"Daktari kapima maksai."

Chumbani Wendo akakohoa. "Nawasikia," akasema. "Mnagombania mtu ambaye bado hajafa."

Mama akashusha mkono.

"Nyemo, njoo hapa." Nikaenda mpaka mlangoni. Alikuwa amemshika Sechelela kifuani, mtoto ananyonya titi kavu, anaachia, analia kidogo, ananyonya tena. Macho ya Wendo yalikuwa yananitazama kidogo kushoto ya mahali nilipokuwa. "Ukifungua ile chupa, mimi sitakusemesha mpaka kufa."

"Kufa kwako au kwa mama?"

Sijui lilitoka wapi. Wendo akafumba macho. Nilisikia nyuma yangu mama akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Hakika umepata sauti," akasema.

Akavua kanga iliyolowa, akafunga nyingine. Akaingia chumbani kwake. Nikamsikia akivuta kitu sakafuni, kimya kikawa kirefu, akatoka amebeba mfuko wa vidonge.

"Naenda Mlowa ya Chini. Kuna wasichana watatu wameanza kuumwa vichwa."

"Watakupiga mawe."

"Watapiga." Akavaa ndala. Mlangoni akalazimika kuruka vibuyu, vilikuwa vimeongezeka. Akasimama upande wa pili, mgongo kwangu. "Unataka nikuambie fungua ili ulale vizuri. Sikuambii. Unataka nikuambie usifungue ili uwe na mtu wa kumchukia. Hilo nalo sikuambii. Nilikuzaa, Nyemo. Sikukuzalia majibu."

Akaondoka. Mama Ndahani alikuwa uani kwake anaanika mtama. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Mkaushaji anaenda kumalizia kazi." Mama hakugeuza kichwa.

*

Kuna jambo inabidi nilieleze. Kila siku alasiri mlezi anatakiwa kubonyeza kidole chake kwenye chupa, ili Taasisi ijue ipo na haijaguswa. Tunaita hajiri, kama ile ya kuitwa majina shuleni. Akibonyeza, duara juu ya kifuniko linawaka kijani saa nzima. Kidole cha msaidizi kikigusa ndani ya saa hiyo, chupa inafunguka. Kwa hiyo mama akishafanya hajiri anafunga chumba kwa kufuli, na ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga mpaka taa izime. Hajawahi kusahau. Hata siku Wendo alipoanza uchungu, alifunga kufuli kwanza.

Nilipita mbele ya chumba cha mama kwenda kumchukulia Wendo maji. Mlango ulikuwa wazi. Chupa haikuwa chini ya kitanda, ilikuwa juu ya kitanda, katikati ya shuka, inawaka kijani.

Nikasimama na kikombe.

Labda alisahau. Alikuwa na hasira, nilikuwa nimemtukania kifo, mtu mwenye hasira anasahau kufuli. Labda aliitoa akaiweka pale ili nione. Labda aliitoa ili abonyeze mwenyewe afe mwenyewe, akakumbuka vinatakiwa vidole viwili, akaniachia nusu. Niliwaza yote hayo na kila nililowaza lilinitia hasira zaidi. Angeweza kusema neno moja. Wote wangeweza. Daktari na chungwa lake, Wendo na vitisho vyake, mama na mgongo wake. Watu wazima wote wale wanaojua kuongea, na wameniachia mimi nisiyejua.

Ningeweza kumwandikia mama kwanza. Simu ilikuwa mfukoni, na mama hujibu haraka hata akiwa njiani. Sikumwandikia. Niliogopa angejibu.

Nikarudi kwa Wendo na maji. Akapokea kikombe, akakikosa, nikamshikisha. Sechelela alikuwa amelala juu ya mto, mdomo wazi.

"Nyemo," Wendo akasema. Hasira ilikuwa imemtoka. "Washa taa basi. Nataka nimbadilishe mtoto."

Ilikuwa saa kumi. Jua lilikuwa limejaa dirishani, limemlalia usoni, naona hadi vumbi likicheza mbele ya macho yake.

"Umeme umekatika," nikasema. "Nitambadilisha mimi."

Nikambadilisha. Nikamlaza kwenye mkono wa mama yake, nikachukua kidole cha Wendo nikakiweka kwenye shavu la mtoto ili ajue alipo. Halafu nikaenda chumbani kwa mama, nikaketi kitandani, nikabonyeza.

Nilidhani kitatokea kishindo. Kifuniko kilizunguka chenyewe taratibu, ukungu ukatoka, mweupe, mwembamba kuliko mvuke wa chai, una harufu ya chuma. Ulinipitia usoni. Nikauvuta kwa makusudi, ndani kabisa, kisha nikaenda kumpumulia Wendo, karibu na mdomo, kama mtu anayepuliza uji. Akasema, "Unafanya nini, mshenzi wewe?" Halafu akaelewa. Alinishika nywele akazivuta kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Nilimwacha avute mpaka akachoka. Akageukia ukuta. Alichosema ndo kile alichoahidi, hakusema kitu.

Nje Mama Ndahani alikuwa bado anageuza mtama, anaimba. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni yake, anamcheka anavyokosea maneno. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwao.

Nikarudi kukaa kitandani kwa mama. Chupa ilikuwa bado inatoa, kidogo kidogo. Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika tena, nikaacha bila kupamba:

*Mama nimefungua. Chumba ulikiacha wazi makusudi?*

Nikatuma. Ikaonyesha imefika. Nikahesabu nyumba anazopita kwenda Mlowa ya Chini, nikakisia yuko wapi, anatoa simu kwenye kanga, anapangusa kioo. Ikaonyesha imesomwa.

Mama hujibu haraka. Hujibu hata kwa kukosea herufi, hata neno moja, *haya*, au *nyamaza*. Nimekaa na simu mkononi mpaka taa ya kijani imezima, ukungu umeisha, nasubiri aandike hata tusi.